Kalinzi Haitolewi Mara Mbili

Nyumba ninayoandikia maneno haya imesimama juu ya mpunga wa mtu. Nalisema mapema ili usije ukaniamini mno mbele ya safari. Hapa chini ya meza yangu, chini ya saruji, chini ya changarawe niliyobebesha kutoka mto Kavimvira, kuna jaruba la tatu la Mama Agathe, lile lililokuwa likiiva kabla ya mengine kwa sababu ndilo lilipata maji ya kwanza ya mfereji. Watoto wangu wanalala kwenye jaruba la nne. Choo nimekichimba pale ambapo baba yake alikuwa akikaushia mbegu.

Mimi naitwa Basile. Nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na sita, na kama kuna kitu nilichojivunia hapa duniani ni mwandiko wangu. Wazazi hawakuniachia ng'ombe wala shamba, waliniachia mkono mzuri. Herufi zangu husimama wima, na mkia wa g yangu hujipinda kwa namna ambayo wakaguzi wa shule walikuwa wakiwaonyesha walimu wenzangu. Ndiyo maana watu wa Nyarubamba walikuwa wakiniletea barua zao niwaandikie. Na ndiyo maana Mama Agathe hana shamba.

Nyarubamba ni pale unapokwisha kupita Kavimvira ukielekea Kiliba, upande wa chini wa barabara. Zamani, na hiyo zamani niliiona mimi mwenyewe ambaye sina hata mvi nyingi, kati ya Uvira na Kiliba mtu aliweza kuimba wimbo mzima wa kanisani juu ya baiskeli, beti zote, bila kukutana na nyumba. Leo ukipanda pikipiki huwezi kusema mji mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Uvira haina pa kwenda. Magharibi kuna mlima, mashariki kuna ziwa, na mji uliobanwa hivyo ukizaa, huzaa kuelekea kaskazini tu, kwenye tambarare, kwenye mashamba ya watu. Na umezaa kweli. Wamekuja waliokimbia risasi za milimani, wamekuja waliobomolewa na mto Mulongwe mwaka 2020, wamekuja vijana wanaofanya biashara ya Bujumbura, wamekuja waliofukuzwa na ziwa lilipopanda. Na sisi wenyeji hatukukaa tukiwatazama tu. Mimi peke yangu nina watoto saba. Kila mtu anataka paa. Simlaumu mtu kwa kutaka paa.

Nilimjua Mama Agathe kwa sababu watoto wake wanne walipita darasani kwangu, mmoja baada ya mwingine, wote wenye vichwa vigumu na miguu yenye tope. Yeye mwenyewe ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya ugomvi hata anapokusalimu. Akikuuliza habari za nyumbani, utadhani anakudai. Mume wake, Kizito, alikufa kwa kifua, mtoto wa mwisho akiwa bado ananyonya, na tangu siku hiyo nyumba nzima ililishwa na majaruba tisa. Watoto walikua wakatawanyika: mmoja Lubumbashi, mmoja yuko kambini Tanzania, mmoja hajulikani aliko na mama yake hapendi kuulizwe habari zake. Aliyebaki karibu ni Noella, ameolewa kule Kalundu.

Majaruba hayo aliyaanzisha baba yake, mzee Déogratias. Aliteremka kutoka milimani mwaka 1974 na ng'ombe mmoja wa madoa, pembe moja imevunjika, akamtoa ng'ombe huyo kwa shefu, mtawala wa ardhi ya Nyarubamba, mbele ya mashahidi watatu. Hiyo ndiyo kalinzi. Unatoa mnyama, shefu anapokea, mashahidi wanaona, na ardhi inakuwa ya kulima kwako na kwa watoto wako. Hakuna karatasi. Baada ya hapo Déogratias alichimba mfereji kwa jembe la mkono, kiangazi cha kwanza na kiangazi cha pili, mpaka maji yakakubali kumfuata.

Alimfundisha binti yake jambo moja ambalo Mama Agathe alilishika kama amri ya Mungu: kona ya chini kabisa ya shamba, ile ambayo maji hutuama kwanza na kuondoka mwisho, waliiita kitovu, na kila msimu mche wa kwanza ulipandwa pale na mwenye shamba mwenyewe. Hakuna kibarua aliyeruhusiwa. Hata mwaka aliovunjika mkono, Mama Agathe aliingia kitovuni akapanda kwa mkono wa kushoto, akitukana njia nzima.

Basi mwaka 2021, mwezi wa nane, wakaja vijana na kamba, nyundo na kopo la rangi nyekundu. Walipiga vigingi katikati ya majaruba, wakaandika namba juu ya mawe. Mama Agathe aliwaacha wamalize, wakaenda zao, kisha akaving'oa vigingi vyote akavipikia maharage. Alinisimulia mwenyewe huku akicheka. "Miti mizuri, Mwalimu. Inawaka bila moshi."

Siku ya tatu akaja shefu mwenyewe, Emery. Huyu ni mjukuu wa yule aliyepokea ng'ombe. Kijana mpole, amesoma Bujumbura, ana simu mbili na huvua kofia anaposalimu akina mama. Ningependa kukuambia kwamba ni mtu mwenye macho ya fisi, lakini hana. Anaongea taratibu kama daktari. Nilikuwepo, niliitwa kama msomi wa karibu.

"Mama," alisema, "sikatae kama papa yako alilima hapa. Lakini miji inakuya. Batu beko benyi, wanatafuta fasi ya kujenga. Weye uko na karatasi gani ya hii shamba?"

"Papa yangu alitoa ngombe."

"Kwa nkambo yangu. Nkambo alikufa. Karatasi ya ile ngombe iko wapi?"

Mama Agathe alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ngombe inakuwaka na karatasi?"

Tulicheka, hata Emery alicheka. Sasa sicheki tena nikikumbuka.

Kati ya mashahidi watatu alikuwa amebaki mmoja tu, mzee Herménégilde, ambaye alikwisha kuhamia kwa mwanawe kule Bwegera. Tulikwenda kumtafuta, mimi na Mama Agathe juu ya pikipiki moja. Tulimkuta ameketi pembeni ya shitingi, turubai lililojaa mpunga, anafukuza kuku kwa fimbo, na hakuacha kuwafukuza hata tulipokuwa tukizungumza naye. Masikio yamechoka, ila kichwa kimebaki. Kabla hatujamuuliza alimtaja ng'ombe, madoa yake, ile pembe, hata pombe iliyonywewa siku hiyo na nani aliyelewa kwanza. Akasema atakuja kutoa ushuhuda, wamtumie pikipiki tu, na aketi katikati asianguke.

Tulirudi Nyarubamba tukiwa washindi. Mama Agathe aliimba njia nzima nyuma ya mgongo wangu, vibaya sana.

Na hapo ndipo Emery alipokuja na neno lake tamu. Alitukuta nyumbani, akakubali kukaa, akakubali chai. Akasema hataki mambo ya mashahidi na mahakama kati ya watu waliozaliwa sehemu moja. Yeye ni shefu mpya, hajawahi kusalimiwa rasmi na watu wa babu yake. Mama alete mbuzi mmoja tu, kalinzi ipate joto upya, tuandike karatasi ndogo, na vijana wa kamba hawatarudi tena.

Mama Agathe alifurahi mpaka akamwongezea sukari. Tulimpigia simu mzee Herménégilde kumwambia asijisumbue tena. Simu ilikuwa kwenye sikio langu, lakini nadhani hata majirani walimsikia.

"Hapana! Mbuzi gani? Kalinzi haitolewake mara mbili! Papa yake alitoa, basi! Mutu anaoaka bibi yake mara mbili? Mwambie asitoe kitu!"

Nilimshukuru, nikakata simu, nikamgeukia Mama Agathe na kumweleza, mimi msomi, kwamba mzee amechoka. Kwamba hii ni heshima tu, kwani mkono mtupu haulambwi. Kwamba kitakachomlinda ni karatasi, na karatasi tutakuwa nayo. Niliamini kila neno. Ndilo linaloniuma zaidi. Laiti ningekuwa nimehongwa, ningekuwa na kitu cha kutubu.

Aliniuliza mara moja tu kama nina hakika. "Mwalimu, uko sûr?"

"Niko sûr, mama."

Tarehe tisa mwezi wa tisa mbuzi jike mwekundu alifikishwa kwa shefu. Niliandika karatasi mbele ya wote, kwa kalamu mpya, bila kufuta hata neno: "Mimi, Agathe, binti wa Déogratias, leo hii nimemtolea Shefu Emery mbuzi mmoja kama kalinzi ya ardhi ya Nyarubamba." Nikaweka tarehe, na Mama Agathe akaweka kidole gumba. Emery aliitazama karatasi muda mrefu, akanisifu mwandiko. Mbuzi alichinjwa siku hiyo hiyo, na mimi nikapewa figo, kwa kuwa ndimi mwandishi. Nilikula.

Miezi mitano baadaye vijana wa kamba walirudi. Safari hii vigingi vilikuwa vya saruji.

Mama Agathe alifungua kesi. Mzee Herménégilde aliletwa kutoka Bwegera, katikati ya watu wawili kama alivyotaka, amevaa koti la sufu kwenye joto lile la tambarare. Alisema yote. Alimsimulia ng'ombe mpaka watu mle ndani wakawa karibu wamwone. Hakimu alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, kisha akainua karatasi yangu na kuisoma kwa sauti. Sijawahi kuchukia sauti ya maneno yangu kiasi kile.

"Mama," hakimu akauliza, "hii ni kidole yako?"

"Ni yangu."

"Kama shamba ilikuwa yako toka 1974, ni nini ilikufanya utoe kalinzi 2021?"

Mama Agathe aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa ubaya, alidhani tu nitasimama nijibu, kwa kuwa ndimi niliyemwambia ana karatasi. Nilisimama. Nikasema ni heshima. Hakimu akasema mtu hapigi hodi kwenye nyumba ambayo yuko ndani yake. Mwenye kutoa kalinzi leo anaingia leo. Na ramani ya viwanja vya Nyarubamba, aliyoitoa Emery, ilikuwa na tarehe ya 2019. Kwa hiyo Mama Agathe, aliyezaliwa pale penye mpunga, aliyemzika mumewe pale, alikuwa ni mgeni aliyekuja miaka miwili baada ya ramani. Tena, akasema hakimu, mbuzi si ng'ombe. Mbuzi hawezi kununua majaruba tisa. Kwa kumhurumia, na kwa kuwa shefu hana kinyongo, atapewa kiwanja kimoja, mita kumi na tano kwa ishirini.

Nje, mzee Herménégilde alinishika mkono. Nilidhani anataka nimsaidie kushuka ngazi.

"Weye Mwalimu," akaniambia, "ulisoma mpaka ukapitisha kipimo."

Alikufa mwaka huo huo. Sikwenda kwenye kilio, niliona haya.

Kiwanja alichopewa Mama Agathe kilikuwa namba thelathini na moja. Huhitaji kuniuliza kilikuwa wapi. Vijana wa kamba walikuwa wamegundua kwamba kuna kona moja ambayo hakuna mnunuzi anayeitaka, hata kiangazi unyayo unazama. Walimpa kitovu.

Walimwachia avune mara ya mwisho, lazima niseme ukweli hata wa watu nisiowapenda. Kisha magari yakaja na udongo wa mlimani, mwekundu, yakamwaga juu ya majaruba siku kumi na moja mfululizo. Mama Agathe alikuja kila asubuhi akasimama barabarani kutazama, kitenge kichwani. Mimi ningependa apige kelele. Mwanamke aliyekuwa akigombana na salamu yenyewe alikuwa amenyamaza, na tangu hapo sauti yake haikurudi vizuri.

Nyumba ziliota haraka kuliko mpunga. Katika miaka miwili kulikuwa na mabati mpaka mwisho wa macho, makanisa mawili yanayoshindana kwa vipaza sauti, duka la dawa, mahali pa kuchaji simu. Njia kubwa ikapewa jina la Avenue Mpunga. Aliyelichagua alidhani ni jina zuri, na pengine ni zuri. Pale ulipokuwa mdomo wa mfereji wa mzee Déogratias kuna duka linalouza mchele uliovuka bahari, kwa kopo. Nimemwona Mama Agathe akisimama pale na bakuli lake. Muuzaji, ambaye hamjui, alimwambia achague: huu unavimba, huu haunati.

Mimi wakati huo nilikuwa bado naishi Kilibula, karibu na ziwa, na nilijipa moyo kwamba angalau sina faida niliyoipata katika mambo yale. Mungu hapendi mtu ajipe moyo kwa namna hiyo. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia uani, likaingia sebuleni, likakaa. Ukuta wa upande wa jikoni ulianguka siku ya Jumapili tukiwa kanisani. Tulilala darasani kwangu, watoto saba, mke wangu Victoire na mimi, tukikunja mikeka kabla wanafunzi hawajafika. Nilitafuta kiwanja miezi mitatu. Huko mlimani udongo unateremka, mjini hakuna, na Kiliba kwenyewe walikuwa wamekwisha kunitangulia wengi. Kilichopatikana kilikuwa Avenue Mpunga, namba thelathini. Ningeweza kukataa. Watoto walikuwa wanakohoa, sikukataa.

Nilikwenda kwa Mama Agathe kabla ya kumwambia hata Victoire. Alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yake ya matofali ya udongo, nyuma ya ua wa miyenzi alioupanda mwenyewe, anachambua dagaa. Nilimwambia. Aliendelea kuchambua, akafikia mwisho wa sahani.

"Sasa tutakuwa jirani," akasema. Kisha akaniangalia miguu. "Mwalimu, usijenge chini. Msingi ipite magoti. Maji ya hapa inakuyaka mu mwezi wa ine, na inapitaka fasi ileile ya papa. Haisahabuke njia."

Nilifuata shauri lake. Nilibebesha changarawe, nikapandisha msingi mpaka juu ya magoti, na jirani wa ishirini na tisa akaniona akapandisha, na wa thelathini na mbili naye. Hivi ndivyo tulivyofanya: tulimsikiliza yeye, tukapandisha wote, na nyumba ya pekee iliyobaki chini ikawa yake, kwa kuwa udongo haukumtosha kupandisha. Mvua za mwaka uliofuata zilipokuja, maji yaliyokuwa yakigawanyika katika majaruba tisa yaliteremka yote kwa pamoja kwenye kiwanja kimoja. Nilikuwa kizingitini pangu, pakavu, nikiyatazama yakiingia kwake.

Aliinua kitanda juu ya matofali. Noella alikuja kumchukua, mama yake akakataa. Huko Kalundu nako ziwa liko mlangoni, akasema, afadhali maji ninayoyajua. Mvua zikapungua lakini maji hayakuwa na njia ya kutokea, tulikuwa tumeiziba. Yakabaki uani pake, ya kufika katikati ya muundi, yametulia.

Mwisho wa mwezi wa nne niliamka asubuhi nikamwona ameinama majini. Alikuwa amekwenda Kiliba kwa miguu kuomba miche kwa mtu wa ukoo wao, mafungu matatu. Alianza kwenye kona ya chini, mche mmoja, akasimama akanyoosha mgongo, kisha akaendelea. Alipanda kuzunguka nyumba nzima, kutoka ukutani mpaka kwenye miyenzi, mistari iliyonyooka bila kamba. Na nikamsikia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akimgombeza mtu: alikuwa akiugombeza mche uliokataa kusimama.

Nakuambia kweli, nilifurahi. Mwezi mzima niliamka mapema kwa ajili ya kuutazama ule ukijani. Victoire alinicheka, akasema nimepata ugonjwa wa uzee.

Lakini watu wa Avenue Mpunga ni watu wa mji. Mwanzo walicheka, wakapiga picha. Kisha mbu wakawa wengi, na mtoto wa namba ishirini na sita akaugua, na kipindupindu kilikuwa kimetajwa upande wa mjini, na mtu akasema mizizi ya mpunga ndiyo inayoshika maji yasiondoke. Ulikuwa upuuzi. Maji yameshikwa na misingi yetu, na kila mtu aliyekuwa na macho aliweza kuona. Patient, fundi cherehani ambaye ndiye mkubwa wa avenue yetu, aliita mkutano mbele ya duka la mchele. Watu arobaini walikuja. Mama Agathe hakuitwa.

"Tuandike barua," Patient akasema. "Mwalimu atatuandikia. Iko na mukono muzuri."

Ningeweza kusema mkono unaniuma. Ningeweza kusema: jamani, ni sisi. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni, nakumbuka hata ladha yake. Nikatazama watu arobaini, majirani ambao watoto wangu wanacheza na watoto wao, ambao nitazikana nao, nikaona nitakavyokuwa mtu wa kuonyeshwa kidole kwa ajili ya mwanamke mmoja na mpunga wake. Nikaomba kalamu.

"Sisi wakaaji wa Avenue Mpunga tunamwomba Mama Agathe, wa namba thelathini na moja, ang'oe mpunga alioupanda uani, katika muda wa siku kumi na tano, kwa usalama wa wote." Wakatia sahihi mmoja mmoja. Mimi nilitia mwisho, ndogo.

Patient alimpelekea jioni. Asubuhi Mama Agathe alikuja kwangu nayo mkononi, kitenge kimefungwa kiunoni, miguu ina tope. Bila shaka alikuja kwangu. Angekwenda kwa nani? Hajui kusoma, na kwa miaka ishirini kila karatasi iliyoingia nyumbani mwake nimeisoma mimi.

"Nisomee, Mwalimu. Patient amesema ni ya kwangu."

Nilisoma yote, na majina yote arobaini, na la mwisho, langu. Sauti haikutetemeka. Ndivyo tulivyo walimu, tunaweza kusoma chochote.

Alifungua pindo la kitenge, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi ile ya mwaka 2021, imekunjwa mara nne, safi kabisa. Aliitandaza mezani pangu, na hii mpya akaiweka kando yake. Akaweka kidole kwenye mkia wa g katika neno la karatasi ya kwanza, akakifuata taratibu mpaka mwisho wake. Kisha akakihamishia kwenye ile ya pili, kwenye mkia kama ule, akakifuata vilevile.

"Minye sijue kusoma," akasema. "Lakini huu mukono najua."

"Mama, nisamehe."

Alikunja karatasi zote mbili pamoja, mara nne, akazirudisha kwenye plastiki.

"Ile ya kwanza ulikosa, Mwalimu. Minye nilikusamehe toka kule kwa hakimu." Akafunga pindo la kitenge kwa fundo. "Hii haukukosa."

Akaondoka. Hakungoja siku kumi na tano. Aliung'oa siku hiyo hiyo mchana, peke yake, akianzia karibu na ukuta na kuimaliza kona ya chini mwisho. Mpunga ulikuwa umekwisha kutoa masuke, punje zimeanza kushika maziwa. Ukizibonyeza kwa ukucha, linatoka tone jeupe. Aliufunga mafungu akauweka juu ya miyenzi, na mbuzi wa namba ishirini na tisa wakaja wakala.

Nilisimama kizingitini nikitazama mpaka alipoingia ndani. Kiangazi kimeingia mwezi wa pili sasa, na maji hayajaondoka. Hakuna aliyekuja kuniomba niandike barua nyingine.